Supergirl, Ms. Marvel au She-Hulk: shujaa wa kike mcheshi wa kuanza naye

Mei 2015 kituo cha CBS cha Marekani kilitoa kionjo cha tamthilia ya Supergirl chenye urefu wa kama dakika sita. Kara Danvers, ndiye Supergirl mwenyewe, anambebea bosi wake kahawa, anababaika mbele ya kijana mtanashati, anajaribu mavazi ya ushujaa huku rafiki yake akitoa maoni. Siku chache kabla, kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kilikuwa kimetania kwamba Black Widow, yule jasusi wa Avengers, kundi la mashujaa wa filamu za Marvel, akipewa filamu yake itageuzwa hadithi ya mapenzi ya msichana wa ofisini. Watu wakavilinganisha viwili hivyo palepale. Kuna waliosema wameletewa mzaha uleule, ila safari hii aliyeuleta haoni kwamba ni mzaha. Kuna waliofurahi kumpata shujaa anayetabasamu, baada ya miaka mingi ya mashujaa wanaonuna gizani.

Ubishi ule haukuisha. Mwaka 2022 ulirudi mara mbili ndani ya miezi mitatu, Juni kwa tamthilia ya Ms. Marvel na Agosti kwa ya She-Hulk, zote mbili za Marvel. Leo mtu akitaka kuchagua, akasoma maoni ya watazamaji, anakuta nyota 10 na nyota 1 zimerundikana pande mbili na katikati pakavu. Mimi nimezitazama zote tatu hadi mwisho, nyingine nikiwa na watoto wa dada yangu, nyingine na mama, nyingine peke yangu usiku. Nazipima hapa kwa vipimo vilevile.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni chanzo cha kicheko. Kuna ucheshi wa vituko, kuna wa mambo ya nyumbani, kuna wa maneno, na si kila mtu hucheka kwa vyote.

Cha pili ni malalamiko, na hapa nakuomba uwe makini. Yapo malalamiko ya mtu aliyekaa akatazama, akaona hadithi inakimbia au picha inaonekana ya bandia. Yapo pia ya mtu aliyeudhika tu kwamba tamthilia hiyo imetengenezwa. Nyota 1 iliyotolewa siku ya kwanza, sehemu moja tu ikiwa hewani, haikusaidii kuchagua chochote. Nimejaribu kuyatenga.

Cha tatu ni urefu, kwa sababu muda na bando ni mali. Cha nne ni nani anaweza kukaa nawe sebuleni bila mtu kutafuta rimoti kwa haraka.

Supergirl (2015 hadi 2021)

Kicheko chake. Kara alitumwa kutoka sayari ya Krypton akiwa na miaka 13 ili amlee binamu yake mchanga. Chombo chake kikakwama njiani miaka 24, na alipofika duniani yule mtoto wa kulelewa alikuwa mtu mzima, tena ndiye Superman. Kazi aliyotumwa ilikwisha kabla hajaianza. Ucheshi wa tamthilia unachotwa humo: ana uwezo wa kuinua ndege, na mchana anahangaikia chakula cha bosi. Melissa Benoist anamcheza kwa moyo mweupe kabisa. Anapookoa ndege kwa mara ya kwanza, furaha anayorudi nayo nyumbani ni ya mtoto aliyejua kuendesha baiskeli leo. Ni ucheshi wa vituko na wa tabia, na hata Kiingereza kikikupita kidogo utaufuata, kwa sababu uso wake unasema.

Watazamaji walisemaje. Sehemu ya kwanza, tarehe 26 Oktoba 2015, ilitazamwa na karibu watu milioni 13 Marekani, kisha idadi ikapungua msimu ukiendelea. Lalamiko kubwa la mwanzo lilikuwa jina lenyewe: kwa nini aitwe msichana na si mwanamke? Waandishi walilijibu ndani ya sehemu hiyohiyo ya kwanza kwa kinywa cha bosi wake, Cat Grant, anayeuliza ubaya wa neno msichana uko wapi ilhali yeye mwenyewe ni msichana, ni tajiri na ndiye mwenye kampuni. Waliopenda tamthilia walishangilia. Wasioipenda walisema mhusika anahutubia. Nadhani wote walisikia sawa, kwa sababu Supergirl huhutubia kweli, na tabia hiyo iliongezeka kadiri misimu ilivyosogea. Ukiwa hupendi kuambiwa waziwazi la kufikiri, utaichoka.

Lingine lilikuwa Superman. Msimu wote wa kwanza wanamtaja na kuandikiana naye ujumbe, lakini uso wake hauonyeshwi. Wengi waliliona kama gari linalozunguka shimo. Na msimu wa pili, mashabiki wengi walikasirika mapenzi ya Kara na Mon-El, kijana kutoka sayari nyingine, yalipokula nafasi ya mambo mengine. Hilo ni lalamiko la haki. Niliona vivyo hivyo, na nilikuwa namkumbuka Cat Grant, ambaye Calista Flockhart alimfanya awe pilipili ya mchuzi. Tamthilia ilipohamia kituo cha The CW mwaka 2016, na upigaji picha ukatoka Los Angeles kwenda Vancouver, Cat akawa mgeni wa nadra.

Lakini kabla hujaipita kwa sababu ya utamu wake mwingi, tazama sehemu ya sita ya msimu wa kwanza. Kara anashindwa kuizuia hasira yake hadharani, na Cat anamsimulia jinsi bosi wake wa zamani alivyowahi kutupa kiti dirishani, kisha anamwambia kwamba mwanamke akifanya hivyo amejimaliza kazini. Baadaye Kara anazungumza na rafiki yake wa kazini, James Olsen, naye James, mwanamume mweusi, anamkumbusha kwamba yeye pia haruhusiwi kukasirika mbele za watu. Mazungumzo hayo mafupi yalinionyesha kuwa lile tabasamu lina gharama, na mwenye kulivaa anaijua.

Urefu. Misimu sita, sehemu 126, kila moja zaidi ya dakika 40. Tena kuna sehemu zinazoungana na The Flash na tamthilia ndugu zake, ambapo hadithi huanzia kwingine. Ukiona umeachwa njiani, usijilaumu, endelea tu.

Inamfaa nani. Kijana wa miaka 11 na kuendelea, na mtu mzima anayetaka kitu cha kutazama jioni baada ya jioni kwa miezi. Mzazi anayependa kujua mapema: dada yake Kara anagundua anapenda wanawake katika msimu wa pili, na msimu wa nne unaleta shujaa aliyebadili jinsia. Msimu huo wa nne pia una siasa nyingi za chuki dhidi ya wageni, na kwa maoni yangu ndio ulioandikwa vizuri kuliko yote baada ya ule wa kwanza.

Ms. Marvel (2022)

Kicheko chake. Hiki ni cha nyumbani, na ndicho kilichomfanya mama yangu aache kazi zake za jikoni akae. Kamala Khan ana miaka 16, anaishi Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani, na anawahusudu Avengers. Anataka kwenda kwenye tamasha la mashabiki usiku. Mama hataki. Baada ya kushauriana, wazazi wanakubali kwa sharti: aende na baba, wote wawili wakiwa wamevaa shalwari za Hulk, yule shujaa jitu la kijani, alizoshona mama, na baba keshajipaka rangi ya kijani. Kamala anaona aibu, anasema neno linalomchoma baba yake, na uso wa yule mzee unaporomoka huku rangi ya kijani bado iko mashavuni. Nilicheka na koo likanibana kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja atakutana na mengi asiyohitaji kufafanuliwa. Nakia, rafiki wa Kamala, anaibiwa viatu msikitini, na tena vya bei. Upande wa wanawake msikitini umechakaa huku wa wanaume ukitunzwa, ndipo Nakia anapoamua kugombea nafasi kwenye bodi. Kuna Idi iliyojaa mashangazi wenye habari za kila nyumba. Kuna harusi ya kaka mtu yenye ngoma ya ukoo mzima. Na nguvu za Kamala zinaamka kwa bangili ya bibi mzaa mama wa mama yake, iliyofika ndani ya boksi la makorokoro. Bangili ya kurithishana kwa upande wa kike si kitu cha kusimuliwa kwetu.

Watazamaji walisemaje. Wahakiki waliisifu sana. Kwenye alama za watazamaji, siku ya kwanza tu zilimiminwa nyota 1 nyingi ajabu, na hizo nimeziweka kando kwa sababu niliyoieleza. Malalamiko yenye maana yalikuwa mawili.

La kwanza ni la wasomaji wa vitabu vya katuni. Kamala wa kitabuni, ambaye mfululizo wake ulianza kutolewa mwaka 2014 kwa kalamu ya G. Willow Wilson, ana mwili unaonyumbuka na kukua, na hadithi inahusu msichana anayetamani kufanana na mtu mwingine mpaka anaukubali mwili wake. Tamthilia ikampa nuru inayoganda kuwa kitu kigumu. Inapendeza kwa macho, lakini ile maana ilipotea, na waliohuzunika walikuwa na haki ya kuhuzunika.

La pili ni maadui. Sehemu ya kwanza na ya pili zinatembea vizuri. Kisha linaingia kundi la watu kutoka ulimwengu mwingine wanaohusishwa na majini, na mambo yanakwenda mbio kupita kiasi. Mtu anatishia kuangamiza dunia, dakika chache baadaye amejitoa mhanga, nawe hujapata muda wa kumjua. Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Jini kwetu si kikaragosi cha hadithi, na nilitamani waandishi wangeligusa neno hilo kwa uangalifu zaidi.

Linaloifidia kasoro hiyo ni safari ya Karachi na sehemu ya tano, inayoturudisha mwaka 1947, India ilipogawanywa na watu wakajazana kwenye treni za mwisho kuelekea Pakistani. Ukoo wa Kamala una kisa cha mtoto aliyepotea kituoni usiku ule akamrudia baba yake. Watazamaji wengi wenye asili ya huko walisema hawakuwahi kuona historia ya bibi na babu zao ikipewa nafasi hiyo katika hadithi ya shujaa wa Marekani. Pakistani kwenyewe, ambako Disney+, huduma ya mtandaoni inayoionyesha, haikuwepo, tamthilia ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kwa mafungu. Nalo hili linawahusu ndugu zetu wa Maskati: Disney+ ilifunguliwa Oman na nchi nyingine za Kiarabu tarehe 8 Juni 2022, siku ileile sehemu ya kwanza ya Ms. Marvel ilipotoka.

Urefu. Sehemu sita tu. Unaimaliza kwa mwisho wa juma moja. Ujue tu kwamba hadithi ya Kamala inaendelea kwenye filamu ya The Marvels ya mwaka 2023, ambayo inataka uwafahamu na wengine.

Inamfaa nani. Sebule nzima. Hakuna mahali nilipohitaji kukohoa au kumtuma mtoto maji. Inamfaa zaidi binti anayevutana na mama yake kuhusu kutoka usiku, na mama mwenyewe pia. Muneeba, mama wa Kamala anayechezwa na Zenobia Shroff, anaanza kama kizuizi na anaishia akimshonea bintiye vazi la ushujaa kwa mikono yake.

She-Hulk: Attorney at Law (2022)

Kicheko chake. Hapa ni maneno. Jennifer Walters ni wakili, damu ya binamu yake Bruce Banner, ndiye Hulk, inaingia mwilini mwake kwa ajali ya gari, naye anakuwa jitu la kijani lenye nywele nzuri. Kisha anageuka, anatutazama sisi tuliokaa nyumbani, na kutuambia hii ni tamthilia ya mahakama, tusisahau. Tatiana Maslany ana ulimi mwepesi na macho yanayosema kabla ya mdomo. Ila mizaha mingi ni ya mitandao, ya wachumba wa kwenye programu za simu, ya mambo ya Marvel yenyewe. Niliitazama mara ya kwanza na mtu asiyekisikia Kiingereza vizuri na nikajikuta natafsiri kila baada ya dakika mbili, mpaka utamu ukatuishia wote wawili. Hii itazame peke yako au na mtu wa rika lako anayezijua hizo habari.

Watazamaji walisemaje. Katika zote tatu, hii ndiyo iliyogawanya watu kwa ukali zaidi. Wahakiki wengi waliikubali, alama za watazamaji zikawa chini mno. Lalamiko la kweli kabisa lilianza na kionjo cha Mei 2022: ngozi ya kijani ilionekana kama ya mchezo wa kompyuta. Picha ziliboreshwa baadaye, na wengine walikumbusha kwamba mafundi wa kazi hiyo wanabanwa mno na muda, lakini zipo sehemu ambapo jicho bado linakataa.

La pili lilihusu mafunzo. Bruce aliteseka miaka mingi kuidhibiti hasira yake. Jennifer anaiweza ndani ya siku chache. Anamweleza kwamba yeye huizuia hasira kila siku, anapopigiwa miluzi barabarani, anapofundishwa na mwanamume asiyejua kitu kazi ambayo yeye ameisomea, kwa sababu akiionyesha ataitwa mwenye mihemko au hata atauawa. Wapo waliosema hapo mhusika wa zamani amedhalilishwa ili mpya apande. Wanawake wengi walisema hapo ndipo walipoanza kuipenda. Mimi nipo upande wa wanawake hao. Ukiiweka sehemu hiyo kando ya ile ya sita ya Supergirl utaona ni mazungumzo mamoja yaliyochukua miaka saba kurudi, na safari hii mwanamke haombi radhi.

La tatu lilikuwa kwamba kuzungumza na mtazamaji ni kumwiga Deadpool, mhusika mwingine wa Marvel mwenye tabia hiyo. Hilo si kweli. She-Hulk alianza mchezo huo kwenye kitabu cha John Byrne mwaka 1989, na Deadpool alizaliwa mwaka 1991.

Kinachoshangaza ni kwamba waandishi, wakiongozwa na Jessica Gao, waliyajua maneno ya watazamaji kabla hayajasemwa. Sehemu ya tatu inaonyesha watu wa mitandaoni, ndani ya hadithi, wakilalamika kwa nini kila shujaa siku hizi ni mwanamke. Wakati sehemu hiyo inatoka, nje ya hadithi watu walikuwa wakiandika hayohayo. Maadui wakuu wa msimu ni wanaume wa jukwaa la mtandaoni wanaomchukia. Ukiwa umeudhiwa na maneno hayo maishani, utajisikia umetetewa. Ukiwa ulikuja na lalamiko la haki kuhusu picha au hadithi, unaweza kuhisi umewekwa kundi moja na wenye chuki, na hisia hiyo naielewa. Sehemu ya mwisho inaivunja hadithi makusudi: Jennifer anatoka kwenye tamthilia yake mwenyewe kwenda kubishana na wanaoitunga. Walioipenda waliipenda sana. Waliotaka pambano la mwisho walinyimwa.

Urefu. Sehemu tisa, nyingi kama nusu saa. Nyepesi kuliko zote kwa siku ya kazi.

Inamfaa nani. Mtu mzima, hasa mwanamke aliye kazini na aliyechoka kuambiwa atabasamu. Si ya watoto na si ya kutazama na wakwe: kuna mazungumzo ya kitandani, na sehemu ya nane ina kisa cha mwanamume aliyemrekodi Jennifer kwa siri, kisha video ikaonyeshwa ukumbini. Msomaji aliyewahi kufanyiwa ubaya huo ajiandae.

Kama watoto ni wadogo zaidi

Chini ya miaka 10, zote tatu ziwekeni kando kwanza. Mtafutieni Supa Team 4 kwenye Netflix, katuni ya mwaka 2023 iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema na kutengenezwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Wasichana wanne wa shule wa Lusaka wanaajiriwa na jasusi mstaafu, Mama K, kuulinda mji. Ucheshi ni wa vituko, na mtoto wa Lubumbashi au Mbeya ataona mji wa jirani na si New York tena. Sitaipima sawa na hizo nyingine, hadhira yake ni tofauti.

Uchague vipi kwa hali yako

Ukitaka kutazama na wazazi au watoto wakubwa kwa pamoja, anza na Ms. Marvel, na ukifika sehemu ya nne ukaona inakimbia, vumilia uione ya tano.

Ukiwa na kijana anayepitia kipindi cha kujidharau, anayehitaji rafiki wa muda mrefu kwenye skrini, mpe Supergirl msimu wa kwanza. Akiishia hapo amepata hadithi nzima.

Ukiwa umezoea Marvel tangu filamu za mwanzo na unapenda kuona inajicheka, She-Hulk ni yako. Kama hujaona chochote cha Marvel, iache ya mwisho, kwa kuwa nusu ya mizaha itakupita.

Kama kinachokusumbua ni picha za kompyuta mbovu, Ms. Marvel ndiyo inayopendeza zaidi kwa macho, hasa zile sehemu za mwanzo ambapo ujumbe wa simu na michoro ya Kamala vinatokea ukutani na kwenye taa za barabarani. Kama kinachokusumbua ni mahubiri, epuka Supergirl kuanzia msimu wa pili.

Na ukiwa na usiku mmoja tu wa kujaribu, usisome maoni ya mtu mwingine, wala haya yangu usiyachukue kama hukumu. Tazama sehemu ya kwanza ya Ms. Marvel, kisha ya kwanza ya Supergirl, kisha rukia ya nne ya She-Hulk, ile Wong, mchawi wa filamu za Marvel, anapompeleka mwanamazingaombwe mahakamani na shahidi wake ni msichana mlevi aitwaye Madisynn. Utakayojikuta unaisimulia kesho yake kazini, anza nayo.